Beseni la Kumwoshea Kobe

Niseme mapema, asije mtu akanisifu kwa kupenda wanyama: viumbe vyenye ngozi baridi mimi siviwezi. Konokono akipita juu ya jiwe la kufulia, jiwe lile silitumii tena mpaka mvua inyeshe. Mjusi akidondoka kutoka darini, usiku huo nalala kitanda kimoja na mama, na mimi ni mtu mzima mwenye kitambulisho cha taifa. Kuku namla, lakini awe amechinjwa, amenyonyolewa na kupasuliwa na mtu mwingine, nami niletewe akiwa ameshasahau kwamba aliwahi kuwa na utumbo. Kwa hiyo ukisikia kwamba ni mimi niliyeteremka mpaka Mnazi kuchagua kobe wa darasa, ujue kuna shida iliyonituma.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Nafundisha watoto wa awali katika kijiji kimoja cha milimani, juu ya Mlalo. Sikusomea ualimu. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa ya kuhurumiana, nikarudi kwa mama kupumzika kidogo, na mapumziko hayo bado yanaendelea. Wazazi walipoamua kuanzisha darasa lao, walitafuta mtu anayejua kusoma na ambaye hana mpango wa kwenda popote. Kijiji kizima kilinitaja mimi. Na kusema kweli kazi hii imenikaa kama kanga ya zamani. Darasa liko chini tu ya shamba letu la mahindi. Nikiwa ubaoni namsikia mama akikohoa, na watoto wakienda kunywa uji nami napanda kwetu kunywa chai.

Kisha kukafunguliwa darasa jingine bondeni, lenye bembea ya matairi na ukuta uliochorwa twiga. Twiga mwenyewe ana shingo ya bata, lakini kwa mtoto wa miaka mitano ni twiga. Watoto wangu wakaanza kuteremka mmoja mmoja. Kamati ya wazazi ikaniita. Mwenyekiti wetu ni mzee wa karoti na kabichi, mtu anayeongea taratibu kama anayehofia kukanyaga miche.

"Mwalimu," akasema, "hawa watoto wakiendelea kwenda bondeni, hapa tutafunga. Lakini wewe usihofu. Hatuwezi kukutupa. Kule Mnazi wana darasa halina mwalimu kabisa. Tutakupeleka huko baada ya likizo ya kati."

Alilisema kama anayenipa zawadi. Mimi nikaiona Mnazi yote mbele yangu: jua la nyika, vumbi, mbu, chumba cha kupanga chenye bati lisilo na dari, na sufuria ambayo nisipoiteleka mwenyewe hakuna wa kuiteleka. Sina ndoto kubwa maishani. Ninayo moja tu, kufia nyumbani kwetu, na hata hiyo si kwa haraka. Nikafungua mdomo kabla akili haijafika.

"Tuwape watoto kitu ambacho bondeni hakuna," nikasema. "Tufuge mnyama darasani."

Wazo likapendeza. Tatizo likawa mnyama yupi. Mtu akataja sungura.

"Sungura ataliwa," akasema mama mmoja.

"Na nani?"

"Na mimi," akajibu mume wake, wala hakuona haya.

Kuku akaanguka kwa hoja hiyo hiyo. Mbuzi angekula daftari, chati ya irabu, na pengine mlango. Mbwa hakuzungumzwa sana, maana nusu ya darasa ni Waislamu na wazazi hawakutaka watoto warudi nyumbani wamelambwa. Kuhusu nguruwe, mzee mmoja Mlutheri alimtazama jirani yake aliyevaa kofia, jirani akamtazama yeye, wakacheka kimya kimya, hoja ikafia hapo. Nikasema basi kinyonga, wamejaa kwenye ua wa darasa, hawahitaji kutafutwa. Akina mama watatu wakasimama kwa pamoja wakatafuta viatu vyao.

"Ngojeni, ngojeni," akasema mwenyekiti. "Tujiulize hivi. Ni mnyama gani asiye na mlaji?"

Kisha mama mmoja aliyeolewa kwetu kutoka nyika akasema, "Kobe."

Ikawa kama amewasha taa. Mkristo hamli, Mwislamu hamli, mwewe hamwezi. Hapigi kelele, haruki ua, hafukuzani na mtu. Mwenyekiti akasema yeye mwenyewe atakwenda kwa watu wa wanyamapori kuomba kibali, maana kobe ni mali ya serikali, haokotwi kama parachichi. Baada ya hapo akauliza nani atakwenda kumchagua. Walinigeukia tu.

Nyumbani mama alikuwa anachambua maharage. Nilipomweleza akaacha kuchambua.

"Wewe?" akasema. "Wewe uliyenitoa kanisani nije kumwondoa chura bafuni?"

"Ni kwa ajili ya watoto, mama."

"Ni kwa ajili ya ugali wangu," akasema, akarudi kwenye maharage yake.

Kibali kilipotoka, yule mama wa nyika akampigia simu mama yake mzazi huko Mnazi, nami nikateremka na pikapu iliyokuwa inapeleka kabichi. Kila kona tuliyoshuka joto lilipanda, na sweta nililotoka nalo asubuhi likanigeuka adui. Nilipofika nilikuwa nimelowa kama niliyetumbukizwa mtoni. Mwenyeji wangu, bibi mrefu mwembamba, alikuwa amekaa kivulini anapepeta mtama. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu unayetaka kobe?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Huko juu mmeishiwa watoto wa kufundisha?"

Nikamwambia ndiyo, tena ndiyo shida yenyewe. Akacheka mpaka ungo ukayumba, kisha akanipeleka nyuma ya nyumba. Kila msimu wa kunde, alisema, kobe wanaingia shambani kwake, naye huwafungia kwenye kizimba cha miti ya mkonge mpaka avune, kisha wajukuu wanawarudisha porini. Wakati ule walikuwemo watatu.

Mimi kobe nilimjua kwa picha ya kitabu cha darasa la pili: duara safi la kijani, macho ya upole, mdomo unaotabasamu. Nadhani mchoraji naye alikuwa mtu wa milimani. Kizimba kilinuka kama majani ya kabichi yaliyosahauliwa ndani ya gunia. Wale watatu walikuwa na rangi ya udongo wenye ukoko wa njano na mweusi, na gamba lao lilikuwa na matope yaliyokaukia kwenye kila mfereji. Shingo ilipotoka, ikatoka na mikunjo ya ngozi kama kiwiko cha mzee, inaning'inia, inatikisika. Midomo ilikuwa ya kijani kwa majani waliyotafuna, na majani yale yalishuka kidevuni yakiwa na ute. Nikahisi chai ya asubuhi ikisogea.

"Chagua," akasema bibi.

Sasa hapa ndipo malezi yangu yaliponiponza. Mimi sijawahi kuchagua mnyama yeyote maishani isipokuwa kuku, tena nikiwa na mama, siku ya gulio. Na kwetu kuku hachaguliwi kwa macho. Unamgeuza miguu juu, unampima uzito kwa mkono, kisha unainama na kuyapuliza manyoya ya mkiani ili uone ngozi. Ikiwa kavu na ya njano, unalipa. Ikiwa imelowa, unamrudishia mwenyewe bila maneno. Nimeona hivyo tangu nikiwa mgongoni. Basi nikaviringisha kanga mikononi, nikakaza meno, nikamwinua yule mkubwa, nikamgeuza, nikapima uzito, nikainama usawa wa mkia, na kwa mazoea tu nikapuliza.

Sijui nilitegemea manyoya yapi yapeperuke.

Kobe akishtuka anamwaga maji yote aliyoyahifadhi tangu mvua za mwisho. Hili sikulijua. Na mtu anayepuliza, mdomo wake huwa umeelekezwa. Yalikuja ya uvuguvugu, mengi, yenye mabonge meupe kama chokaa iliyolowa, yakanipata kidevuni, shingoni, na sehemu ambayo sitaitaja kwa kuwa hadi leo nasukutua kila nikiikumbuka. Nikamweka chini. Nashukuru kwamba nilimweka, sikumtupa. Nikaenda pembeni, nikaiacha chai ya mama kwenye mchanga wa Mnazi.

Bibi alikuwa ameketi chini, si kwa kupenda. Miguu ilimwishia kwa kicheko.

"Mwalimu," akasema alipopata pumzi, "huyo hana manyoya."

"Nimeona, bibi."

"Ulikuwa unatafuta nini huko nyuma?"

"Afya."

"Basi umeipata."

Akaniletea maji na kipande cha sabuni ya mche. Niliponawa nikarudi kizimbani, maana aibu ilikuwa imeshalipwa na kobe nilikuwa bado sina. Nikawatazama wale wawili waliobaki, safari hii kwa mbali. Mmoja alikuwa na povu puani. Akipumua, povu linavimba. Akivuta pumzi, linarudi ndani. Nikaona watoto wangu wote, ambao tayari kila mmoja ana makamasi yake ya kutosha, nikasema huyu hapana. Wa tatu alikuwa mdogo, gamba lake linang'aa, na nusura nimpende. Alikuwa anakula kitu kwa utulivu, macho nusu yamefumba kama mtu anayekula pilau ya harusi.

"Anakula nini, bibi?"

Bibi akainama akachungulia. "Ya mbwa," akasema. "Wanaipenda sana. Huyo akiipata ya mtu ndiyo hata hakusikii."

Nikasimama pale na kanga yangu iliyolowa, mwanamke aliyemaliza kidato cha nne, nikipima kati ya makamasi, mkojo na hicho cha tatu. Nikamchukua yule mkubwa. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: wa kwanza ameshanikojolea, hana tena akiba.

Akiba ya mkojo kweli hakuwa nayo. Ya namna nyingine alikuwa nayo, na aliitoa yote kwenye ndoo ya rangi tuliyomwekea nyasi, kuanzia kona ya pili ya mlima mpaka nyumbani. Dereva alifungua vioo vyote viwili. "Dada," aliniuliza, "huyu kobe mnamfuga au mnamzika?"

Darasani, hata hivyo, alipokewa kama askofu. Watoto walimzunguka kimya, jambo ambalo mimi sijawahi kulipata hata kwa fimbo. Kisha binti mmoja, mjukuu wa mwalimu wa madrasa, mtoto mwenye ulimi kuliko kamati nzima, akaitazama ile mikunjo ya shingo, akapiga magoti kidogo kama alivyofundishwa kwao, akasema, "Shikamoo."

"Mbona haitikii?" akauliza mwenzake.

"Mzee huyu. Hasikii."

Tangu siku hiyo kila anayeingia anamwamkia kobe kwanza, kisha mimi. Baba mmoja alikuja kulalamika kwamba mwanawe amempita getini bila salamu akakimbilia kumwamkia mnyama. Lakini alilalamika akiwa anachungulia dirishani, na kesho yake alimleta na mdogo wake. Waliokwenda bondeni wakaanza kurudi. Walisema bembea ni bembea tu, haina miguu.

Mimi nikalipa gharama. Kila asubuhi nilikuta kazi yake ya usiku imepangwa juu ya mkeka wa kusomea, ndefu, yenye nyuzi za majani ambayo tumbo halikuyamaliza. Niliiokota kwa mfuko wa mkate mkononi, uso nimeugeuzia ukuta, napapasa kama kipofu, na mara nyingine napapasa pasipofaa. Alikanyaga kinyesi chake kisha akatembea juu ya herufi. Watoto walimkuna kidevuni halafu wakashika vikombe vya uji, nami nikawa nafundisha kunawa mikono kuliko kuhesabu. Uji wenyewe niliacha kuunywa. Nilikuwa nikiuona ulivyo mzito, na ulivyo na mabonge, nakumbuka Mnazi.

Kisha baridi ikaja. Wa kwetu tunaijua baridi ya katikati ya mwaka: ukungu unaingia darasani bila kubisha, watoto wanaandika wamevaa kofia za sufu, na chaki inateleza. Kobe hatukujua lolote kumhusu. Sisi tulidhani mwenye gamba ana koti la kudumu. Kwanza akaacha kula. Kisha akaacha kutembea. Akajikunja pembeni, macho yamefumba, na watoto wakaanza kuchoka kumwamkia.

"Bembea ya bondeni inatembea hata kwenye baridi," alisema mvulana mmoja, mjukuu wa mwinjilisti, na kesho yake hakuja. Aliyeketi karibu naye naye hakuja. Mwenyekiti alikuwa ameshasema kwamba kabla ya likizo kamati itapita kuona darasa lina hali gani, na ndipo waamue. Usiku huo nilimuuliza mama kama Mnazi unaweza kupata chumba chenye dari. Alinitazama, akaongeza kuni.

Siku ya kamati mama aliamka mapema akanikaangia maandazi ya wageni, akanijazia kwenye beseni lake la kukandia unga, lile jeupe lenye maua ya bluu ambalo haazimishi mtu. Nikateremka nalo. Mjukuu wa mwinjilisti alikuwa amerudi, nadhani alisikia habari ya maandazi. Lakini nilipofungua mlango nikamkuta binti wa ulimi amechuchumaa mbele ya kobe, na watoto wamesimama nyuma yake.

"Mwalimu," akasema, "huyu mzee amefariki."

Nikamgusa kwa ncha ya kiatu. Hakuna kitu. Kichwa kilikuwa kimening'inia nusu nje, shingo imelegea kama soksi. Nikajilazimisha nikamgusa mguu kwa kidole, na mguu ulikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni, mgumu, una magamba. Mwili wote ukanisisimka. Nikatamani kusema amelala, lakini watoto wa kijiji hawadanganyiki na maiti; wamezaliwa katikati ya misiba. Tayari wengine walikuwa wanalia. Nami, Mungu anisamehe, sikumlilia kobe. Nilikuwa nalilia kitanda changu.

"Lazima aoshwe," akasema binti.

"Hata kwetu huoshwa," akasema mjukuu wa mwinjilisti.

"Sisi tunavika sanda."

"Sisi suti."

"Suti itamtosha wapi huyu?"

Mvulana akafikiri. "Basi sanda," akakubali, "lakini tuimbe."

Wakapatana kwa haraka kuliko mkutano wowote wa wazazi niliowahi kuuona. Kuhusu mwoshaji hawakubishana kabisa: mwoshaji huwa mtu mzima. Nikasema kobe si mtu, haoshwi. Binti akanikazia macho. "Alikuwa mzee wetu, mwalimu. Tulikuwa tunamwamkia." Akaongeza kwamba bibi yake ni mwoshaji, na maji yasiwe ya baridi, maana maiti haumizwi.

Maji ya uji yalikuwa yameanza kupata moto kwenye jiko la darasa. Chombo hakikuwepo. Sufuria ilikuwa ya uji, ndoo ilikuwa imepasuka. Nikayatazama maandazi. Nikayapakua mezani, juu ya gazeti, nikalikokota beseni la mama, nikachanganya maji mpaka yakawa vuguvugu. Sikuwa na mfuko wa mkate. Nikamwinua maiti kwa mikono yangu mitupu, nikamlaza ndani.

Sitaki kuyarefusha. Nilimwosha kama nilivyoelekezwa na mtoto wa miaka sita, kulia kwanza, kisha kushoto. Nilisugua mifereji ya gamba, matope yakatoka na kitu kingine ambacho si matope. Nilisugua makwapa, na kobe ana makwapa, laini, ya kijivu, yenye kupe wawili walionona. Nilishika ile shingo. Iliteleza mkononi mwangu kama utumbo wa ng'ombe usiooshwa, nikafumba macho, nikapumua kwa mdomo, nikakumbuka kilichonipata nilipoufungua mdomo karibu naye, nikaufunga. Nyuma yangu nusu ya darasa walikuwa wanaimba pambio la kanisani na nusu wameinua mikono ya dua, wote wakilia kwa uaminifu kabisa.

Ndivyo kamati ilivyotukuta. Mwenyekiti akasimama mlangoni, nyuma yake yule mama wa nyika na baba mmoja mwenye simu mkononi. Wanaume wakavua kofia. Sidhani kama walijua wanavulia nani.

"Poleni," akasema mwenyekiti.

"Tumekwisha poa," wakaitikia watoto.

Na hapo mguu ukanisukuma kiganja. Nikadhani ni maji. Ukasukuma tena, kucha zikanikwaruza, shingo ikajikaza mkononi mwangu kama mpira wa bomba unapofunguliwa, na jicho moja likafumbuka, jeusi, linanitazama bila shukrani yoyote. Sikupata hata nafasi ya kupiga kelele. Kobe aliyekuwa amefunga choo tangu baridi ianze akafungua yote kwa mara moja. Maji ya beseni yakageuka kijani, kisha kahawia, kisha yakawa si maji tena. Uvundo ukapanda kama moshi wa kuni mbichi. Viliogelea vitu. Kimoja kikanizunguka kifundo cha mkono kikakaa hapo kama bangili. Nami mikono yangu miwili ilikuwa bado imo ndani.

Darasa likapasuka. Sijawahi kusikia furaha ya namna ile, hata Krismasi, hata Idi. Walirukaruka, walikumbatiana, binti wa ulimi alikuwa anasema kwa sauti ya juu, "Marahaba, ameitikia marahaba!" Niligeuka nikautoa uso dirishani nikatapika juu ya maboga ya jirani.

Nilipoinua kichwa, mwenyekiti alikuwa amechuchumaa kando ya beseni, anatazama kwa makini kama anayetazama mche ulioshika.

"Kumbe alikuwa na baridi tu," akasema. "Hata mimi asubuhi bila maji ya moto huwezi kunitofautisha na marehemu."

Akanawa, akachukua andazi mezani, akala, macho yake yakiwa kwenye beseni. Akachukua la pili. Huyo ni mzee anayeshika samadi toka utotoni, lakini kuna mambo ambayo mtu hapaswi kuyaona kwa mpangilio ule.

Yule baba mwenye simu alikuwa amerekodi yote, na kabla ya saa ya uji kutimia video ilikuwa kwenye kundi la wazazi. Siku iliyofuata walipanda watoto kutoka bondeni ambao hawajawahi hata kuwa wangu, wakiwa wameshikana mikono na mama zao, wanauliza kobe anafufuka saa ngapi. Wale waliohama wakarudi wote. Tulikosa mikeka. Mwenyekiti alikuja akasimama mlangoni, akawatazama walivyobanana, akasema hakuna haja ya kikao.

"Darasa linabaki, mwalimu. Na wewe unabaki." Akaonekana anasita. "Ila mama wa nyika anasema huyu hatastahimili baridi ya darasani usiku. Anataka mahali penye moto. Na kila asubuhi apate hayo maji vuguvugu. Tukaona, kwa kuwa kwenu ni karibu, na kwa kuwa mkono umeshazoea..."

"Mkono haujazoea," nikasema.

"Utazoea."

Nikapanda na kobe chini ya kwapa la kulia na beseni chini ya kwapa la kushoto. Beseni nilikuwa nimelisugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa sabuni ya unga, na kwa machozi kidogo. Mama alikuwa mlangoni. Alikuwa ameshaiona video. Aliitiwa na jirani. Akalitazama beseni kwa muda mrefu, akasema jambo kwa Kishambaa ambalo sitalitafsiri, maana hiki ni kitabu na kitasomwa na watoto.

"Unabaki?" akauliza kisha.

"Nabaki."

"Na hicho?"

"Nacho kinabaki."

Akapisha mlango. Beseni hakulipokea. Akasema tangu leo hilo ni lenu nyie wawili.

Sasa nasimulia haya nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya nje, kwenye ukungu, nimejifunga kanga mbili. Jikoni mafiga yanawaka. Pale palipo na joto zuri zaidi, kati ya ukuta na kuni, amejinyoosha yeye, shingo nje, mikunjo yote imelegea kwa raha, na mama anamtupia maganda ya viazi huku anamweleza habari za kwaya. Nimeshaambiwa nisiingie na baridi, nitamshtua.

"Akishtuka unajua anachofanya," anasema mama kutoka ndani. "Na maji yake yameshachemka, njoo uyachukue."

Nabana pumzi kabla sijasimama.